Barua ya wazi: Mwanafunzi aelezwe kozi itafundishwaje kabla hajalipa ada

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Katibu Mtendaji wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Mkurugenzi Mtendaji wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Na Makamu Wakuu wa vyuo vikuu vya umma na binafsi.

Yah: Mitindo ya kufundishia kozi za vyuo vikuu

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa heshima, nikiwa mhadhiri ambaye kwa miaka mingi nimefundisha wanafunzi wa mchana, wa jioni, wa mwisho wa juma na wa mtandaoni. Ombi langu ni kwamba kila kozi ya chuo kikuu nchini iwe na mtindo wa ufundishaji uliopangwa, ukaandikwa na kutangazwa kabla mwanafunzi hajaomba kudahiliwa, na kwamba saa za mwalimu, mkopo wa mwanafunzi na mtihani wa kozi hiyo vilingane na mtindo uliotangazwa. Mambo haya leo yanafanyika kwa mazoea ya kila idara, na wanaoumia ni wale ambao hawana nafasi ya kuuliza.

Hali ilivyo ni kwamba kozi yenye jina moja, namba moja na krediti zilezile inaweza kufundishwa kwa namna nne au tano ndani ya nchi moja, na mara nyingine ndani ya chuo kimoja. Wapo wanaokutana na mwalimu mara mbili kwa wiki katika ukumbi wenye mamia ya wanafunzi, na wapo wanaokutana naye jioni baada ya kazi. Wengine huitwa chuoni kwa wiki mbili mfululizo, wakafundishwa asubuhi hadi jioni, kisha wakarudi makwao kuandika kazi zao, na wengine hawamwoni kabisa isipokuwa kupitia simu. Sina ugomvi na wingi huu wa mitindo, kwa sababu Watanzania wanaohitaji elimu ya juu hawafanani katika umri, kazi wala makazi. Shida ni kwamba mwanafunzi hujua mtindo wake akiwa tayari amesajiliwa.

Mfikirieni mwalimu wa sekondari aliyeko Sumbawanga, anayetaka kusoma shahada ya umahiri bila kuacha kazi. Barua ya udahili inamwambia kuwa programu ni ya mseto, yaani sehemu mtandaoni na sehemu ana kwa ana. Haimwambii ni wiki ngapi atatakiwa kuwa Dar es Salaam, wala kama wiki hizo zitaangukia likizo za shule au katikati ya muhula. Mkuu wake wa shule anamwomba tarehe ili apange vipindi, naye hana tarehe za kumpa. Ratiba inapotoka imebaki siku chache, na hapo anachagua kati ya kumkosea mwajiri wake na kukosa masomo aliyokwisha kuyalipia. Wengi huacha masomo hapo, na katika kumbukumbu zetu sisi tunaandika kuwa mwanafunzi hakuendelea.

Nchi yetu si ngeni katika kufundisha watu walio mbali. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na miaka mitatu baadaye kampeni ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya ikawafikia watu wapatao milioni mbili kupitia redio. Wanaoikumbuka kampeni ile kwa sababu ya redio peke yake huwa wamesahau nusu ya kazi. Kipindi kilisikilizwa katika kikundi, kikundi kilikuwa na kitabu chake, na kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo kabla, ambaye kazi yake ilikuwa kuongoza mjadala na kuhakikisha kwamba kilichosikika kinafanyiwa kazi kijijini, iwe ni kuchimba choo au kufyeka nyasi. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, elimu ya msingi kwa wote ilipohitaji walimu wengi kwa muda mfupi, maelfu ya vijana walifundishwa ualimu hukohuko vijijini kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na kufundisha chini ya usimamizi. Hapo pia palikuwa na mtu aliyewajibika kuwasikiliza na kuwasahihisha.

Kisha Bunge likatunga sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania mwaka 1992, na mwaka 1994 chuo hicho kikaanza kupokea wanafunzi wake wa kwanza chini ya Makamu Mkuu wake wa kwanza, Profesa Geoffrey Mmari. Kilianza na vitabu vya kozi vilivyochapishwa, vituo vya mikoa, vipindi vya ana kwa ana vya muda mfupi, na mitihani iliyosimamiwa karibu na mwanafunzi anapoishi. Wanafunzi wake wa sayansi walifanya mazoezi ya maabara katika vyuo vingine vyenye maabara. Hata Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichopokea wanafunzi mwaka 1971 na kujulikana duniani kwa vipindi vyake vya televisheni, kilisimama kwa sababu kila mwanafunzi alikuwa na mwalimu wake aliyesoma kazi zake za maandishi na kumrudishia zikiwa na maelezo. Teknolojia zilibadilika mara kadhaa katika historia hii yote, lakini yule anayemjibu mwanafunzi aliendelea kuhitajika, na kila alipoondolewa mpango ulidhoofika.

Naomba sasa tuangalie hesabu ambayo Tume yenyewe imetupa. Krediti moja inawakilisha saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na shahada ya kwanza ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Chukueni kozi ya krediti 12: mwanafunzi anatarajiwa kuifanyia kazi kwa saa 120. Akihudhuria mihadhara na semina kwa saa tatu kila wiki katika muhula wa wiki 15, atakuwa amekaa darasani saa 45. Zinabaki saa 75 ambazo hayuko mbele ya mwalimu, na hii ni katika kozi tunayoiita ya ana kwa ana. Katika saa hizo 75 ndimo anamosoma, anamofanya mazoezi, anamokosea, anamosahihishwa na kujaribu tena. Hizo ndizo saa ambazo mipango yetu haizigusi. Ratiba ya chuo inapanga vyumba. Haipangi saa 75. Tunapohamisha kozi kutoka ukumbini kwenda mtandaoni tunajadiliana kwa muda mrefu kuhusu zile 45, kama zifanyike kwa Zoom au zirekodiwe, wakati tofauti kati ya kozi nzuri na kozi mbaya imo katika zile zilizobaki.

Mwaka 2020 tuliliona jambo hili waziwazi. Vyuo vilifungwa katikati ya Machi kwa sababu ya corona na kufunguliwa tarehe 1 Juni. Katika dharura ile hakuna aliyepaswa kulaumiwa kwa kutuma alichokuwa nacho, na majirani zetu wa Kenya waliokaa muda mrefu zaidi bila kufungua walipitia magumu makubwa kuliko yetu. Kilichonihuzunisha ni kilichofuata. Desturi ya dharura ikageuka kuwa utaratibu, na leo katika vyuo vingi neno mtandaoni lina maana ya slaidi za mhadhara zilizopakiwa kwenye Moodle, yaani mfumo wa masomo wa mtandaoni, kundi la WhatsApp ambalo kiongozi wa darasa ndiye anayejibu maswali, na jaribio la kuchagua jibu sahihi mwishoni mwa muhula. Slaidi ziliandikwa ili ziambatane na maelezo ya mdomo. Bila mtu wa kuzieleza ni vichwa vya habari vilivyobaki peke yake. Mwanafunzi anayelipa ada kamili kwa ajili ya vichwa hivyo anadhulumiwa, nami nasema hivyo nikijua kuwa walimu wengi wanaofanya hivyo ni watu wema waliokosa muda.

Muda ndio kiini cha tatizo, kwa hiyo naomba mnivumilie nilieleze kwa kirefu. Mzigo wa kazi wa mhadhiri huhesabiwa kwa saa za ratiba, yaani saa anazokuwa darasani. Utaratibu huo ulikuwa na mantiki pale ambapo kufundisha kulimaanisha kusimama mbele ya watu. Kozi ya masafa, yaani ya mwanafunzi anayesoma akiwa mbali na chuo, ina kazi ya namna nyingine kabisa. Kabla muhula haujaanza, mwalimu anapaswa kuandika kitini kinachoeleza yale ambayo angeyasema kwa mdomo, kutunga mazoezi ya kila wiki, na kurekodi maelezo mafupi pale penye ugumu. Muhula ukiwa unaendelea, anapaswa kusoma kazi za wanafunzi na kuzirudisha mapema ili zimsaidie mwanafunzi kabla ya zoezi linalofuata, na kujibu maswali ambayo mengi huja usiku, kwa kuwa wanafunzi wake mchana wako kazini. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo linaloonekana kwenye ratiba ya vyumba. Mkuu wa idara akitazama karatasi yake anaona mwalimu huyu ana nafasi, anamwongezea kozi nyingine mbili. Mwalimu naye anafanya ambacho mtu yeyote angefanya: anapakia slaidi.

Kwa hiyo naiomba kila Seneti, chombo kikuu cha taaluma chuoni, ipitishe hesabu ya mzigo wa kazi inayotambua uandishi wa kozi, usahihishaji na usimamizi wa majadiliano, na Tume iitazame hesabu hiyo inapotoa ithibati ya programu, yaani inapothibitisha ubora wake. Kozi ya masafa yenye wanafunzi 300 na mwalimu mmoja bila wasaidizi isipewe ithibati, kama ambavyo shahada ya uuguzi isiyo na hospitali ya mafunzo haiwezi kupewa.

Ni lazima niseme kwamba simtetei anayedai kuwa mafundisho ya ana kwa ana ni bora siku zote. Idara ya Elimu ya Marekani ilitoa mwaka 2009 uchambuzi wa tafiti nyingi zilizolinganisha mitindo, ukaonyesha kuwa wanafunzi waliochanganya mtandao na darasa walifanya vizuri kidogo kuliko wale wa darasani peke yao, na waandishi wake wakaonya kuwa faida hiyo ilielekea kutokana na muda zaidi na nyenzo zaidi walizopewa wanafunzi hao, wala haikutokana na mtandao wenyewe. Onyo hilo linatuhusu moja kwa moja. Sisi tukihamia mtandaoni huwa tunapunguza muda na nyenzo, kisha tunatarajia matokeo ya wale walioongeza.

Mhadhara wa watu mia tano katika ukumbi mkubwa una mambo machache ambayo rekodi nzuri haiwezi kuyafanya, na rekodi ina faida kwamba mwanafunzi ambaye Kiingereza cha mhadhiri kimempita anaweza kurudia dakika ileile mara tatu. Kama tunatafuta pa kuokoa vyumba na muda, pa kuanzia ni hapo. Semina ya watu ishirini ni kitu kingine. Pale kijana aliyezoea kukariri tangu sekondari analazimika kutetea hoja yake mbele ya wenzake na kusikia akipingwa, na sijaona bado namna ya kuifanya kazi hiyo kwa simu yenye bando linaloisha. Ninasikitika kuona kwamba chuo kinapobanwa na fedha, semina ndizo zinazofutwa kwanza na mihadhara ikaachwa. Maabara, karakana, wodi na mazoezi ya kufundisha havina mjadala. Vinaweza kukusanywa katika majuma machache ya mfululizo, lakini haviwezi kufanywa kwa video.

Masomo ya wiki mbili za mfululizo yanawafaa sana wafanyakazi wa halmashauri, mabenki na hospitali, na yanafaa kwa kozi za sera, uongozi au sheria ambazo mtu huja na uzoefu wake. Hayafai kwa takwimu wala hisabati. Mtu hawezi kufundishwa uchambuzi wa takwimu kwa siku kumi akaubakisha kichwani, kwa sababu somo hilo linadai mazoezi madogo yaliyotawanywa katika wiki nyingi. Ni uamuzi wa kitaaluma ambao idara inapaswa kuufanya kozi kwa kozi, na ambao kwa sasa unafanywa na ratiba ya ukumbi unaopatikana.

Kwa Bodi ya Mikopo nina neno mahususi. Vipengele vya mkopo, yaani chakula na malazi, vitabu na viandikwa, ada ya mafunzo, mahitaji maalumu ya vitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti, vimeundwa kwa ajili ya kijana anayeishi chuoni au karibu na chuo. Programu inapotangazwa kuwa ya mseto, gharama za mwanafunzi hubadilika. Anahitaji kompyuta mpakato, intaneti ya kila wiki, na nauli na malazi ya vipindi vya ana kwa ana kwa mkupuo, badala ya posho ya chakula iliyogawanywa kwa muhula mzima. Mtindo ukijulikana wakati wa maombi, Bodi itaweza kupanga vipengele vinavyolingana na maisha halisi ya mwombaji. Usipojulikana, haina namna ya kufanya hivyo hata ikitaka.

Intaneti yenyewe isichukuliwe kuwa jambo lililokwisha. Mkongo wa Taifa, ule mtandao mkuu wa nyaya za mawasiliano, umefika mikoani, na nyaya za baharini zilizotua Dar es Salaam tangu mwaka 2009 zimeshusha gharama kwa vyuo, lakini mwanafunzi hatumii mkongo. Anatumia bando alilonunua dukani kwa simu ambayo pengine anaichaji kwa jirani. Mhadhara wa video wa saa mbili ni gharama kubwa kwake, ilhali rekodi ya sauti ya maelezo yaleyale ni faili dogo analoweza kulipakua mara moja na kulisikiliza akiwa safarini. Kila kozi ya masafa ipaswe kuwa na toleo linalosomeka bila mtandao. Na kuna wanafunzi ambao hawatajwi kabisa katika mazungumzo haya: kitini kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa hakisomeki na programu za sauti zinazotumiwa na wanafunzi wasioona, na video isiyo na maandishi wala mkalimani wa lugha ya alama haimsaidii mwanafunzi kiziwi. Mtindo unaotangazwa uonyeshe pia kundi hili litahudumiwaje, kwa sababu kwa baadhi yao kusoma nyumbani kungekuwa nafuu kubwa kama nyenzo zingeandaliwa inavyotakiwa.

Kuhusu mitihani, nashauri wanafunzi wa mitindo yote wa kozi moja wafanye mtihani uleule, siku ileile, chini ya usimamizi uleule. Shahada zilizopatikana kwa masafa au jioni bado zinatazamwa na baadhi ya waajiri kwa shaka ambayo wahitimu wake hawastahili, na njia ya kuiondoa ni kuufanya mtihani usibague. Chuo Kikuu Huria kina vituo mikoani vyenye uzoefu wa miaka thelathini wa kusimamia mitihani. Kwa nini vituo hivyo visitumiwe na vyuo vyote kwa makubaliano na malipo, ili muuguzi wa Kigoma anayesoma Dodoma asisafiri njia nzima kwa ajili ya karatasi ya saa tatu? Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, wenye thamani ya dola za Marekani milioni 425, unajenga kampasi mpya katika mikoa ambayo haikuwa na kampasi ya chuo kikuu cha umma, zikiwemo za Lindi na Kagera. Kampasi hizo zinaweza tangu mwanzo kutengewa vyumba vya mitihani na vya kusomea ambavyo mwanafunzi wa chuo chochote ana haki ya kuvitumia.

Nimewahi kujibiwa kwamba kuutangaza mtindo mapema kutavifunga vyuo mikono, kwa kuwa mwalimu anaweza kuhama, ukumbi unaweza kuharibika, na janga jingine linaweza kutokea. Pingamizi hilo lina uzito, na sidai kwamba mtindo usibadilike kamwe. Nadai kwamba ukibadilika, mwanafunzi aarifiwe kwa maandishi kabla ya muhula kuanza, aelezwe sababu, na aruhusiwe kuahirisha masomo bila kutozwa faini. Katika dharura ya kweli muda huo unaweza kufupishwa. Chuo kinachoweza kutangaza ada yake ya mwaka ujao hakishindwi kutangaza kuwa kozi itakuwa na wiki ngapi za ana kwa ana.

Kila mwaka Tume hutoa mwongozo wa udahili unaoonyesha programu, sifa za kujiunga, muda wa masomo na idadi ya nafasi. Naomba mwongozo ujao uongezewe safu ya mtindo wa ufundishaji kwa kila programu, yenye mambo manne: idadi ya saa za ana kwa ana kwa muhula, majuma ambayo mwanafunzi atatakiwa kuwapo chuoni, vifaa anavyolazimika kuwa navyo, na mahali atakapofanyia mtihani. Wizara itoe maelekezo, Tume ikusanye taarifa hizo kutoka vyuoni wakati inapokusanya zile nyingine, na Bodi ya Mikopo izitumie katika mzunguko uleule wa maombi. Kazi hii haihitaji sheria mpya. Walimu wengi, nikiwemo mimi, tuko tayari kukaa na wataalamu wa Tume kuandaa fomu ambayo idara zitaijaza, na tungependa kuanza kabla dirisha la udahili halijafunguliwa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mhadhiri wa chuo kikuu cha umma,
Dar es Salaam.